Kwa nini ng'ombe anageuka "ng’ombe": barua pepe, lugha na majedwali ya herufi

Barua inatoka ofisi ya mifugo ikiwa safi: tarehe, kumbukumbu namba, salamu, kisha taarifa ya chanjo ya ng'ombe. Inapofunguliwa upande wa pili, kila ng'ombe amekuwa "ng’ombe", na "kung'ata" imekuwa "kung’ata". Mpokeaji anaita kijana wa kompyuta, na kabla kijana hajafika, ofisi nzima imeshatoa hukumu. Mmoja anasema ni virusi. Mwingine anasema kompyuta haina fonti. Wa tatu anaulaumu mtandao, maana siku hizi kila kitu ni mtandao.

Si virusi, si fonti, na mtandao haujagusa kitu. Barua ile imefika kamili, baiti kwa baiti, kama ilivyotumwa. Kilichopotea njiani ni maelezo ya namna ya kuisoma.

Saa mbili ipi?

Kompyuta haijui herufi. Inachohifadhi ni namba tu, na namba hizo hupangwa katika vifungu vidogo viitwavyo baiti. Baiti moja hubeba namba yoyote kuanzia 0 hadi 255. Ili namba ziwe maandishi, lazima pawepo jedwali lililokubaliwa: 65 ni A, 97 ni a, na kuendelea. Jedwali hilo, pamoja na kanuni za kuliandika kwa baiti, ndilo linaloitwa usimbaji herufi. Jina lenyewe lina balaa lake, kwa sababu linakaribiana na usimbaji fiche, yaani kuuficha ujumbe asiusome asiyehusika. Usimbaji herufi hauna siri yoyote ndani yake. Ni orodha iliyo wazi ambayo yeyote anaweza kuisoma.

Mfano wake tunao mikononi kila siku. Mtu akikuandikia "tukutane saa 2 asubuhi", wewe unafika jua limeshachomoza. Mgeni anayehesabu saa kuanzia usiku wa manane, akiipokea namba hiyo hiyo, atakuja saa nane za usiku akute mlinzi na mbwa. Hakuna aliyeibadilisha ile 2. Ilifika salama. Tatizo ni kwamba hakuna aliyesema inahesabiwa kwa saa zipi. Barua pepe iliyoharibika ni mgeni huyo aliyefika getini usiku: namba ni sahihi, jedwali la kusomea siyo.

Jedwali la kwanza lililoenea ni ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963. Lina nafasi 128 tu, na kati ya hizo 95 ndizo zinazoonekana kwenye karatasi: herufi za Kiingereza, tarakimu, alama za uandishi na nafasi tupu. Kwa bahati, Kiswahili kinaingia humo bila kubanwa. Hatuna herufi zenye kofia, hatuna é wala ñ. Ndiyo maana wengi wetu tulidhani mambo haya ni ya Wafaransa na Waarabu.

Lakini tuna ritifaa. Ng'ombe, ng'ambo, kung'oa. Na ritifaa siku hizi ziko mbili. Ile iliyonyooka ('), inayotoka moja kwa moja kwenye kibodi, ni namba 39 katika ASCII. Ile iliyopinda (’), ambayo Word na simu nyingi huiweka zenyewe kwa nia ya kupendezesha maandishi, haimo kabisa katika ASCII. Mwandishi amebonyeza kitufe kile kile, lakini programu imebadilisha alama bila kumuuliza. Kuanzia hapo barua yake ya Kiswahili ina tatizo lile lile la barua ya Kifaransa kutoka Goma au ya Kiarabu kutoka Muscat.

Kila mji na jedwali lake

Baiti moja ina biti nane, yaani tarakimu nane za 0 au 1, na ASCII hutumia 7 tu. Biti ya nane ilibaki wazi, na nafasi za 128 hadi 255 zikawa kiwanja kisicho na hati: kila mtu akajenga chake. Ulaya Magharibi wakaweka herufi zao zenye alama katika ISO-8859-1, maarufu kama Latin-1. Microsoft wakachukua hiyo, wakajaza nafasi zilizokuwa tupu kwa alama kama € na ritifaa zilizopinda, wakaiita Windows-1252. Kiarabu kikapata ISO-8859-6 na pia Windows-1256, ambazo hazilingani. Kirusi kikapata KOI8-R na Windows-1251, nazo hazilingani vilevile.

KOI8-R inastahili kutajwa pembeni kwa werevu wake. Seva za zamani zilikuwa na tabia ya kuikata biti ya nane, na waliolitunga jedwali hilo walilijua hilo. Wakazipanga herufi za Kirusi hivi kwamba biti ikikatwa, kinachobaki ni neno lile lile kwa herufi za Kilatini, ila herufi kubwa na ndogo zimegeuzana. "Привет" inabaki "pRIWET". Mbaya kwa macho, lakini Mrusi anaelewa. Huo ni uhandisi wa mtu aliyezoea barabara mbovu.

Waandikao Kiswahili kwa hati ya Kiarabu walibanwa zaidi. ISO-8859-6 haina پ ya "paka" wala چ ya "chai". Windows-1256 inazo hizo mbili, lakini haina ڤ ya "vita". Kwenye jedwali lolote kati ya haya, shairi la zamani likichapwa kama lilivyo lingetoka na mapengo.

Dawa ilikuja kwa hatua mbili, na watu wengi huzichanganya. Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 1991, ni daftari kubwa linalompa kila herufi wa kila hati namba yake ya kudumu. Lina nafasi 1,114,112, hivyo hakuna haja ya kugombania kiwanja. UTF-8 ni njia ya kuziandika namba hizo kwa baiti. Ilibuniwa Septemba 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, na inasemwa mchoro wake wa kwanza uliandikwa kwenye karatasi ya mezani katika mgahawa huko New Jersey. Kwa hiyo Unicode ni hesabu ya wakazi, na UTF-8 ni namna ya kuwapakia kwenye gari.

Namna yenyewe ni hii. Herufi zote za ASCII hubaki baiti moja, kwa namba zile zile za zamani. Herufi ya Kifaransa yenye alama au herufi ya kawaida ya Kiarabu huchukua baiti 2, herufi nyingi za Kichina 3, na emoji nyingi 4. Wanaosema UTF-8 hufanya barua kuwa nzito hawajapima: barua ya Kiswahili yenye ritifaa zilizonyooka ina uzito ule ule katika UTF-8 na katika ASCII, kwa sababu ni baiti zile zile.

Ng'ombe mmoja chini ya darubini

Tuchukue ritifaa iliyopinda peke yake. Katika UTF-8 ni baiti tatu: 226, 128, 153. Programu inayojua kwamba hii ni UTF-8 inaziunganisha na kuchora alama moja. Programu inayodhani ni Windows-1252 inasoma kila baiti peke yake. Kwenye jedwali hilo 226 ni â, 128 ni €, na 153 ni ™. Ndiyo "ng’ombe" yetu hiyo. Hakuna aliyeandika alama ya euro; ni 128 tu imesomwa kwa saa za mwenzake.

Geuza mambo. Barua imeandikwa kwa Windows-1252, ambako ritifaa ile ni baiti moja, 146, halafu inasomwa kama UTF-8. Katika UTF-8 namba za 128 hadi 191 haziruhusiwi kuanza herufi. Kazi yao ni kufuata tu. Programu ikikuta 146 iliyosimama peke yake inakata tamaa na kuweka almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza: "ng�ombe".

Na hali ya tatu: programu inaijua vizuri ritifaa iliyopinda, lakini imelazimishwa kuiandika kwenye jedwali lisilo na alama hiyo. Inaweka kiulizi cha kawaida: "ng?ombe".

Tofauti ya hizi tatu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Takataka ndefu kama "’" ni habari njema, kwa kuwa mara nyingi baiti zote zipo na barua inarudishika. Kiulizi cha kawaida ni kaburi: namba ya asili imefutwa na 63 imewekwa mahali pake, na hakuna programu itakayojua kama palikuwa na ritifaa, é au ũ. Almasi iko katikati. Ikiwa iko kwenye kioo tu, faili la chini bado linaweza kuwa na ile 146. Ikiwa mtu ameshalihifadhi upya faili akiwa anaona almasi, basi almasi ndiyo iliyohifadhiwa.

Kwa hiyo takataka zisomwe, zisidharauliwe. Ukiona Ã nyingi, kama "André", hiyo ni Kifaransa au Kireno cha UTF-8 kilichosomwa kwa Windows-1252. Ukiona Ø na Ù zimejaa, mfano "Ø§Ù„Ø³Ù„Ø§Ù…", hicho ni Kiarabu cha UTF-8. Hapo pameandikwa السلام. Neno lile lile likija kama "ÇáÓáÇã", basi mtumaji alitumia Windows-1256. "Ïðèâåò" ni Kirusi cha Windows-1251. Majina ya Kikuyu hujitambulisha kwa Ä© na Å©: "MÅ©thoni" ni Mũthoni, na "GÄ©kÅ©yÅ©" ni Gĩkũyũ. Alama "" mwanzoni kabisa mwa faili ni muhuri wa UTF-8 ambao programu imeuchora badala ya kuusoma kimya kimya. Wajapani, walioteswa na jambo hili mapema, wana neno lake maalumu: mojibake.

Kuna hali moja inayochanganya hata mafundi. Barua iliyoharibika ikijibiwa au kupelekwa mbele, takataka yenyewe husimbwa upya kana kwamba ndiyo maandishi halisi. Herufi moja é huwa mbili, "é". Zikiharibika tena huwa nne, "é". Mara ya tatu huwa nane. Ukiona msitu wa Ã na Â katika barua iliyozunguka ofisi tano, unaweza kuhesabu ilipita kwenye programu mbovu mara ngapi.

Bomba la biti saba

Mpaka hapa tumezungumzia maandishi kwa jumla. Barua pepe ina mzigo wake wa ziada, ambao ni umri. Kanuni za kusafirisha barua kati ya seva na seva, SMTP, ziliwekwa 1982, na zilidhani kila barua ni ASCII: biti 7, mistari mifupi, basi. Picha haikuwemo katika mawazo hayo, wala é.

Badala ya kubomoa bomba, Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitafuta namna ya kufunga mizigo ipite ndani yake. Mfumo wao, MIME, ulitoka 1992 na ndio unaotumika hadi leo. Unafanya mambo mawili ambayo ni muhimu kuyatenganisha: unaweka lebo inayosema jedwali ni lipi, na unafunga baiti ngeni kwa vazi la ASCII. Ukifungua asili ya barua (Thunderbird ni Ctrl+U, Gmail ni vidoti vitatu pembeni ya barua, kisha "Show original") utakuta mistari kama hii:

Content-Type: text/plain; charset=UTF-8
Content-Transfer-Encoding: quoted-printable

Mstari wa kwanza ndio "saa za Kiswahili" ya mfano wetu. Bila huo, mpokeaji anabahatisha. Wa pili unasema mzigo umefungwaje, na njia za kufunga ni mbili zinazoonekana sana.

Njia ya quoted-printable huacha herufi za kawaida zilivyo, na kila baiti ngeni huiandika kwa alama ya sawasawa na tarakimu mbili za hesabu ya kumi na sita. Ritifaa yetu inakuwa =E2=80=99, ambazo ni zile zile 226, 128 na 153. Kwa vile alama ya sawasawa imepewa kazi hiyo, yenyewe inapohitajika huandikwa =3D. Hivyo barua inayoonyesha =20 na =3D kila mahali haijaharibika; ni kwamba ule mstari wa pili umepotea na mzigo haujafunguliwa. Dalili nyingine ni viungo vya tovuti visivyofunguka kwa sababu kila = ndani yake imekuwa =3D.

Njia ya pili, base64, huchukua baiti tatu tatu na kuziandika kwa herufi nne kutoka orodha ya herufi 64. "Habari" inakuwa SGFiYXJp. Mtu akikuta aya nzima ya namna hiyo husema barua imefichwa au akaunti imedukuliwa. Haijafichwa hata kidogo. Mtoto wa sekondari mwenye kalamu na jedwali anaweza kuifungua. Ibandike kwenye chombo chochote cha kufungulia base64 na itasomeka. (Barua ya siri, nywila au namba ya kadi usiibandike kwenye tovuti usiyoijua.) Base64 ndiyo pia inayoeleza kwa nini faili la MB 20 linakataliwa na seva yenye ukomo wa MB 25: tatu kuwa nne ni ongezeko la theluthi, weka na miisho ya mistari, unakaribia asilimia 37.

Mada ya barua na jina la mtumaji ziko nje ya mwili wa barua, kwa hiyo lebo ya mwili haizifikii. Zenyewe hubeba lebo ndani yake:

Subject: =?UTF-8?Q?R=C3=A9union_=C3=A0_Goma?=

Sehemu ya kwanza inataja jedwali, Q ni njia ya kufunga (ingekuwa B, ni base64), kisha maneno, na mstari wa chini ukisimama badala ya nafasi. Mpokeaji anatakiwa aone "Réunion à Goma". Kipande kimoja hakiruhusiwi kuzidi herufi 75, hivyo mada ndefu hukatwa vipande. Programu zilizoandikwa kwa haraka hukata katikati ya herufi yenye baiti mbili, kipande kimoja kikabaki na nusu na kingine na nusu, na mada inatoka na almasi mbili mahali palipokuwa na herufi moja. Ndiyo sababu barua inaweza kuwa na mwili safi kabisa na mada iliyovurugika, au kinyume chake. Ni lebo mbili tofauti, na kila moja ina uwezo wake wa kukosewa.

Mahali inapoharibikia kwa kweli

Programu kubwa za barua pepe za leo huweka lebo vizuri. Barua mtu kwa mtu, Gmail kwenda Outlook, haina tatizo kwa kawaida. Ukiona takataka leo, mtuhumiwa wa kwanza ni kitu kilichotengenezwa na mtu: fomu ya tovuti, mfumo wa kutuma risiti, orodha ya majina iliyopitia Excel.

Tuanze na Excel, maana hapo ndipo majina ya watu hufia. Faili la CSV ni maandishi matupu. Halina mahali pa kuweka lebo. Ukilibofya mara mbili kwenye Windows, Excel hudhani limeandikwa kwa jedwali la Windows la eneo lako, isipokuwa likianza na ule muhuri wa UTF-8. Orodha ya wanachama yenye André na Mũthoni inafunguka ikiwa André na MÅ©thoni, karani anaona, anabofya hifadhi, na kesho barua 400 za mwaliko zinatoka na majina hayo. Afanye hivi: asibofye faili. Afungue Excel tupu, aende Data, achague kuingiza kutoka faili la maandishi au CSV, na kwenye kisanduku cha asili ya faili achague 65001, ambayo ni namba ya Windows kwa UTF-8. Wakati wa kuhifadhi achague aina iliyoandikwa "CSV UTF-8". Ile CSV ya kawaida, kwa Windows ya Kiingereza, haina nafasi ya ũ: herufi inageuka kiulizi au inavuliwa kiwimbi ikabaki u. Hilo la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani.

Kwenye tovuti, mnyororo una pingu nne na zote lazima zikubaliane: ukurasa wa fomu, lugha ya programu, hifadhidata, na kinachotuma barua. Makosa mawili hujirudia kila mahali. La kwanza ni MySQL, programu ya hifadhidata: aina yake ya zamani inayoitwa "utf8" si UTF-8 kamili, hubeba hadi baiti 3 tu kwa herufi. Mteja akiweka emoji ya baiti 4, ujumbe unakatwa hapo au unakataliwa wote. Inayotakiwa ni utf8mb4. La pili ni PHPMailer, maktaba inayotumiwa na tovuti nyingi ndogo: isipoambiwa, huweka lebo ya iso-8859-1. Maandishi ni UTF-8, lebo inasema Latin-1, mpokeaji anaitii lebo. Mstari mmoja unatosha: $mail->CharSet = 'UTF-8'; na uwekwe kabla ya amri ya kutuma.

Hapa ndipo napingana na ushauri unaozunguka maofisini, kwamba watu waache kutumia ritifaa iliyopinda, na Wakenya waandike Muthoni "ili mfumo usisumbue". Ni kumkata mgonjwa mguu kwa sababu kiatu kinabana. Ng'oa na ngoa ni maneno mawili: la kwanza hufanyiwa jino, la pili ni wivu. Na jina la mtu si la kufupishwa kwa raha ya hifadhidata. Kinachorekebishwa ni lebo.

Pana mahali pamoja tu ambapo ritifaa iliyonyooka nitaitetea, napo ni SMS za jumla zinazolipiwa. SMS ikitumia GSM, alfabeti ya msingi ya mitandao ya simu, huchukua herufi 160. Ikiingia alama moja tu isiyomo humo, na ritifaa iliyopinda haimo, ujumbe wote hubadilishwa jedwali na ukomo unashuka hadi 70, au 67 kwa kila kipande ujumbe ukigawanywa. Tangazo la herufi 150 lililokuwa SMS moja linakuwa tatu. Zidisha kwa wanachama 2,000 wa SACCOS, utajua ng'ombe mmoja anagharimu nini. Kwenye iPhone mabadiliko hayo ya alama huzimwa katika mipangilio ya kibodi, kwenye "Smart Punctuation". Kwenye Word, Ctrl+Z mara tu ritifaa inapopinda huirudisha.

Kuokoa barua iliyokwisha fika

Kwanza usijibu wala usipeleke mbele, kwa sababu tuliyoiona. Usinakili takataka na kuibandika kwenye Word ukairekebishe kwa mkono. Fungua asili ya barua, tafuta neno charset, ulinganishe lebo na dalili zilizotajwa juu. Thunderbird ina amri ya kurekebisha usimbaji wa maandishi kwenye menyu ya View. Hukisia upya, na kwa UTF-8 hukisia vizuri, kwa kuwa mpangilio wa baiti zake ni wa pekee na maandishi ya jedwali jingine ni nadra kuufuata kwa bahati.

Mwenye Python (lugha ya kuandikia programu) anaweza kurudisha maandishi yaliyokwisha hifadhiwa vibaya kwa kutembea kinyume: ayageuze kuwa baiti za Windows-1252, kisha azisome kama UTF-8.

maandishi.encode('cp1252').decode('utf-8')

Itafanya kazi kwa "ng’ombe" na itagoma mahali pengine, na kuna sababu. Windows-1252 haina alama yoyote kwenye namba tano: 129, 141, 143, 144 na 157. Alama ya kufungua nukuu (“) ni 226, 128, 156, inarudi salama. Ya kufunga (”) inaishia na 157, ambayo haina sura, hivyo mara nyingi hudondoka njiani ikabaki "â€" yenye pengo. Kwa Kiarabu ف inaishia na 129 na hupatwa na hayo hayo. Herufi à nayo ina mkosi: baiti yake ya pili ni 160, nafasi isiyokatika, na mtu akinakili hugeuka kuwa nafasi ya kawaida. Usitegemee amri moja. Pitia matokeo kwa macho, hasa mwisho wa nukuu.

Kama barua ni ya haraka, mwombe mtumaji aitume kama PDF. PDF hubeba herufi na fonti zake, na barua pepe huisafirisha bila kugusa ndani. Kumtaka atume .txt au .csv hakusaidii: viambatisho hivyo havina lebo ndani, na tatizo linahamia tu kwa atakayevifungua.

Anwani zenyewe

Kwa miaka mingi lugha ziliruhusiwa ndani ya barua lakini si kwenye anwani. Mwaka 2010 Misri, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zilikuwa za kwanza kupata majina ya kikoa ya nchi (miisho ya anwani kama .tz) kwa Kiarabu, na Oman nayo inalo lake. Chini ya pazia hakuna Kiarabu: jina hugeuzwa kuwa ASCII inayoanza na xn--, na hilo la Falme za Kiarabu ni xn--mgbaam7a8h. Ujanja huo unafanya kazi upande wa kulia wa @ tu. Upande wa kushoto, jina la mwenye sanduku, hauruhusiwi kugeuzwa hivyo. Unahitaji nyongeza ya SMTP iliyowekwa 2012, na kila seva njiani lazima iwe nayo. Moja ikikosa, barua inarudi. Gmail ilianza kupokea na kutuma kwa anwani hizo mwaka 2014. Mfanyabiashara wa Muscat anayetaka anwani ya Kiarabu aiweke, lakini abaki pia na ya herufi za Kilatini inayoingia sanduku lile lile, na hiyo ndiyo aandike kwenye ankara.

Uhuru huo umeleta na wezi. Kirusi kina herufi а ambayo kwa jicho haina tofauti na a yetu, lakini katika Unicode yetu ni 97 na yao ni 1072. Mtu anaweza kusajili kikoa kinachofanana na cha benki, herufi moja tu ikiwa ya Kirusi. Vivinjari hujihami kwa kuonyesha xn-- pale hati mbili zinapochanganywa katika jina moja. Programu ya barua pepe kwenye simu, inayoonyesha jina la mtumaji na kuficha anwani, haikupi msaada huo. Bonyeza jina ili anwani kamili ijitokeze, na kwa jambo la fedha iandike mwenyewe herufi kwa herufi badala ya kubofya kujibu. Kwa jicho ni a ile ile. Kwa seva ni 1072, na barua inakwenda kwa mtu mwingine kabisa.